Usiandike "mfumo": namna ya kulalamikia kampuni ya teknolojia ukasikilizwa

Nilisoma uhazili Tabora enzi ambazo hatimkato, ule mwandiko wa alama za kunasa maneno kwa kasi, lilikuwa somo la kufelisha watu. Nikafanya ukatibu muhtasi katika ofisi tatu, nikastaafu, na sasa nina steshenari Makole, hapa Dodoma: mashine mbili za fotokopi, printa moja ya rangi, mashine ya laminesheni na benchi la mbao la wateja. Wengi wanakuja kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA. Lakini siku hizi haipiti wiki bila mtu kuingia na simu mkononi na uso wa msibani: "Shikamoo mama. Naomba uniandikie barua. Mfumo umenikata hela."

Barua za namna hiyo nimechapa nyingi, na nimeshajua zipi zinajibiwa na zipi zinaishia droo ya mtu. Haihusiani na ukali wa maneno. Wala haihusiani na kuandika "kwa heshima na taadhima". Inahusiana na neno moja ambalo siku hizi nakataa kulichapa mpaka mteja anieleze analimaanisha nini. Neno lenyewe ni "mfumo".

Kikombe kimevunjika

Mtoto akivunja kikombe haji kukwambia "nimevunja kikombe". Anakuja taratibu, mikono nyuma, anasema "mama, kikombe kimevunjika". Lugha yetu imempa pa kujificha, na hakufundishwa na mtu. "Kimevunjwa" bado unaweza kuuliza: na nani? "Kimevunjika" ukiuliza na nani, swali halikai.

Sasa sikiliza watu wa huduma kwa wateja wanavyoongea. Akaunti imefungika. Salio limekatika. Laini imejiunga. Muamala umekwama. Hakuna aliyefunga, aliyekata wala aliyeunga. Na sisi wateja tunarudia vilevile kwenye barua zetu, halafu tunashangaa hakuna anayewajibika. Utamwajibishaje mtu ambaye wewe mwenyewe umemtoa kwenye sentensi?

Programu ya simu haioti kama mbigiri. Kila kitufe kuna mtu aliyechora, mwingine akachagua rangi yake, mwingine akaandika maneno, na juu yao yuko aliyekaa mkutanoni akasema sawa, tuiweke sokoni. Kazi ya barua yako ni kuwarudisha watu hao kwenye sentensi. Huna haja ya kujua majina yao. Unahitaji kitenzi chenye mtendaji.

Nikupe mfano wangu mwenyewe, maana hata mimi mwenye kufundisha wenzangu niliingia mtegoni. Mwaka juzi niligundua salio la simu yangu linapungua bila mimi kupiga. Rasimu yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa hasira kabla sijanywa chai, ilisema:

"Mfumo wenu unanikata shilingi 150 kila siku bila ridhaa yangu."

Niliwapigia simu na kuisoma. Binti wa upande wa pili akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe." Mfumo kwa mfumo. Nikakosa la kusema.

Nikakaa chini. Nikaazima simu ya kijana wangu wa dukani, laini ya kampuni ileile, nikarudia nilichokuwa nafanya kila jioni: kununua kifurushi. Mara tu baada ya ujumbe wa kifurushi kikaruka kidirisha kingine, "Pata dua ya leo", na chini yake OK. Kwenye simu ya vitufe kama yangu, OK ni kile cha katikati, ambacho kidole kinakuwa kimeshakizoea kwa sababu ndicho ulichotoka kukibonyeza mara nne ukinunua kifurushi. Kidirisha kimetegwa palepale ambapo kidole kinashuka. Bei haipo. Kuna neno "vigezo" na kiungo ambacho simu ya vitufe haiwezi kukifungua.

Rasimu ya pili ikawa hivi:

"Tarehe 3 Juni, saa 2:14 usiku (20:14 kwa saa ya simu), mara baada ya kununua kifurushi, kampuni yenu iliniletea kidirisha chenye maneno 'Pata dua ya leo' na kitufe cha OK. Kidirisha hakikutaja bei. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 3 Septemba kampuni yenu imenikata shilingi 150 kila siku, siku 93, jumla shilingi 13,950. Naomba kujua: (a) ni idara gani iliyoamua kwamba kubonyeza OK ni kujiunga na huduma ya kulipia, (b) kwa nini bei haikuandikwa kwenye kidirisha, (c) nirejeshewe shilingi 13,950."

Urefu umeongezeka kidogo tu. Lakini hiyo ya pili huwezi kuijibu kwa kusema mfumo unaonyesha.

Ona pia nilivyoandika saa. Hili dogo limewaangusha wengi. Sisi tunasema saa mbili usiku, simu inaandika 20:14 au 8:14 PM. Mteja wangu mmoja alikataliwa lalamiko kwa sababu barua ilisema saa mbili na picha aliyoambatisha ilisema saa nane. Ofisa hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mafaili arobaini mezani. Andika saa zote mbili.

Ushahidi kwanza, hasira baadaye

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kufuta. Aplikesheni imekuumiza, unaichukia, unaiondoa kwenye simu, na kielelezo chako kinaondoka nayo. La pili ni kumpelekea fundi, naye anasema "tuiflashi tu mama itakaa sawa". Usikubali. Weka simu ilivyo mpaka umalize yafuatayo.

Piga skrinishoti ya kila hatua, si ya ile iliyokuumiza peke yake. Kama simu yako inaweza kurekodi kioo, rekodi safari nzima: kuingia na kutoka. Kisha hesabu. Nina mteja muuza zabibu wa kando ya soko la Majengo aliyejiunga na huduma fulani kwa mbonyezo mmoja. Tulipotafuta mlango wa kutokea tulihesabu mibonyezo kumi na moja, na wa kumi na moja ukatuambia tupige simu saa za kazi. Nikaandika hivyohivyo: "Kuingia, mbonyezo 1. Kutoka, mibonyezo 11 na simu moja." Sikuongeza sifa yoyote.

Utundu huu una wataalamu wake duniani. Mwingereza Harry Brignull, mtaalamu wa usanifu wa kurasa za mtandao, aliupa jina la "dark patterns" mwaka 2010, na mimi nauita mitego ya usanifu: njia pana ya kuingilia, tundu la panya la kutokea. Nao unahukumika. Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Amazon mwaka 2023 kwa kuwaandikisha watu huduma yake ya kulipia iitwayo Prime bila ridhaa iliyo wazi na kuwafanyia ugumu wa kujitoa, na Septemba 2025 Amazon ikakubali kulipa dola bilioni 2.5, kati yake bilioni 1.5 za kurudishia wateja. Sikutajii kesi hii ili uibebe masijala. Nakutajia ili siku ofisa akikwambia "ndivyo ilivyotengenezwa", ujue kwamba hapo ndipo kesi inapoanzia.

Sasa suala la rangi. Hapa nimetukanwa mara nyingi. Kopi nyeusi ni shilingi 100, ya rangi ni 500, na mtu akija na skrinishoti ninamlazimisha za rangi. Wananiona mchoyo. Basi juzi nilimfanyia mama mmoja majaribio palepale kaunta. Aplikesheni ilikuwa na vitufe viwili: "Kubali" kijani kibichi, kipana, na "Hapana, asante" ya kijivu hafifu juu ya kijivu, herufi kama za nyuma ya boksi la dawa. Nilipotoa kwa nyeusi na nyeupe, vyote viwili vikawa mistatili ya kijivu, vimelingana kama mapacha. Mtego ulikuwa umefutika kwenye karatasi. Nilipotoa ya rangi, hata mwanaye wa darasa la tatu alinyoosha kidole kwenye kijani bila kuulizwa. Mama akalipa 500 yake kimya.

Vingine ni vya haraka. Andika toleo la aplikesheni, lipo kwenye mipangilio. Omba taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako wa simu, usitegemee ujumbe mfupi peke yake. Hamisha picha kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia, maana simu zinaibwa hata hapa Dodoma, tusijidanganye.

Aplikesheni za mikopo

Hizi zinastahili sehemu yake, kwa sababu nusu ya barua zangu ni zake.

Kijana wa bodaboda wa Nkuhungu aliomba mkopo wa shilingi 60,000. Akapokea 42,000. Ile 18,000 iliitwa "gharama za huduma", akakatwa kabla hajaigusa. Akatakiwa kurejesha 63,000 ndani ya siku saba. Siku ya nane asubuhi baba mkwe wake Kondoa akapata ujumbe kwamba mkwewe ni tapeli na yeye ni mdhamini. Ujumbe huohuo ukamfikia mwalimu wa mtoto, mwenyekiti wa kikoba, na fundi aliyewahi kumzibia pancha mara moja Kibaigwa. Aliniambia, "Mama, deni nitalipa. Lakini baba mkwe nitamtazama vipi?"

Alitaka tuandike "mfumo ulituma ujumbe kwa watu". Nikamwambia hapana. Kuna mtu aliyeamua aplikesheni ya mkopo iombe ruhusa ya kusoma majina kwenye simu. Mkopo hauhitaji namba ya fundi pancha. Anayeihitaji ni mtu aliyepanga, tangu siku ya kwanza kabla ya kijana kukopa hata senti, kwamba aibu ndiyo itakuwa dhamana. Huo ni usanifu. Tukaandika: "Kampuni yenu ilichukua majina yote kwenye simu yangu na kuyatumia kunidhalilisha."

Kwa kesi ya aina hii fanya hivi. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye programu, fungua ile ya mkopo, kisha ruhusa. Piga picha ukurasa huo ukionyesha kwamba majina na ujumbe vimeruhusiwa. Baada ya kupiga picha ndipo uzime ruhusa hizo. Halafu, na hili wengi hawalifikirii, wapigie waliotumiwa ujumbe na uwaombe wasiufute. Wao ni mashahidi bora kuliko wewe, na zaidi ya hapo nao ni walalamikaji. Baba mkwe hakukopa, hakupakua chochote, hakukubali masharti ya mtu. Namba yake imechukuliwa na kutumiwa bila kuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024. Mzee wa Kondoa anaweza kupeleka lalamiko lake mwenyewe, kwa jina lake. Kampuni hata ikisema "mdaiwa alikubali", bado barua ya mzee iko mezani na hawana la kuijibu.

Pili, angalia kama mkopeshaji ana leseni. Kukopesha kwa biashara kunasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Orodha hiyo nimeibandika ukutani kando ya bei za laminesheni. Kama jina la aplikesheni yako limo, litaje hilo katika aya ya kwanza, usiliache mwishoni.

Tatu, duka la aplikesheni. Google ina kanuni zake za Play: tangu 2023 aplikesheni za mikopo binafsi haziruhusiwi kugusa majina wala picha za mtumiaji, na mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au chini ya hapo hauruhusiwi kabisa. Siku saba! Kwa hiyo kama uliipakua Play Store, iripoti huko kwa vifungu hivyo viwili. Kama uliipata kwa kiungo cha WhatsApp, duka halina cha kukusaidia, na ndiyo sababu walikutumia kiungo.

Nikukatishe tamaa kidogo: lalamiko halifuti deni. Ulichopokea mkononi jiandae kukirejesha, kwa njia yenye risiti.

"Lakini ulikubali vigezo na masharti"

Unaujua ule mwisho wa matangazo ya redio, ambapo mtu anasoma "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya mnadani. Mimi niliyefundishwa hatimkato ya maneno mia na ishirini kwa dakika siwezi kumfuata. Ndivyo masharti ya aplikesheni yalivyo, isipokuwa yako kimya na yako kwa Kiingereza.

Ndani yake mara nyingi kuna sentensi inayosema huduma inatolewa kama ilivyo, na kampuni haiwajibiki kwa hasara yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimfikiria fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea geti. Angeniambia "geti nakupa kama lilivyo, likimwangukia mtoto usinitafute", ningemfukuza na mashine yake. Kwa programu tunabonyeza kijani.

Msimamo wangu, na wapo mawakili watakaonibishia: kitu kinachouzwa kwa watu mamilioni kinapaswa kubeba lawama kama geti. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wameshafika huko. Mwaka 2024 walipitisha maelekezo mapya ya wajibu wa mtengenezaji wa bidhaa, na programu za kompyuta zimetajwa kuwa bidhaa. Nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 9 Desemba 2026 kuyaingiza katika sheria zao. Hiyo haimsaidii mtu wa Chang'ombe leo. Lakini inakuonyesha kwamba "kama ilivyo" si amri iliyoshuka kutoka mlimani.

Katika barua, usibishane kama ulikubali au la. Bishana kuhusu ulichoonyeshwa. "Nilibonyeza kitufe hiki (kiambatisho C). Bei haikuwepo kwenye ukurasa huo." Sheria yetu ya taarifa binafsi nayo inakupa haki za kutumia hapa: kujua taarifa zako gani wanazo na za nini, kupinga zisitumike kwa matangazo, na kutaka uamuzi unaokuathiri usiachiwe mashine peke yake. Hii ya mwisho itumie ukinyimwa huduma au kufungiwa akaunti na ukaambiwa "ni ya kiotomatiki". Andika: "Naomba uamuzi huu upitiwe na binadamu, na nipewe sababu zake kwa maandishi."

Kompyuta haikosei?

Kwa wale wa uwakala hapa nitasimama.

Binti mmoja alikuwa anahudumia wateja kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu maeneo ya Sabasaba, si chake, cha bosi. Jioni moja floti, yaani fedha ya kazi ya wakala iliyo kwenye simu, ilipungua shilingi 340,000. Bosi akasema kompyuta haikosei, kwa hiyo umekula. Alikuja kwangu kuandika barua ya kukiri deni. Kukiri! Nikamuuliza kama ana daftari. Akasema analo, la kaunta buku, anaandika kila muamala kwa mkono kwa sababu simu ya kazini inakata chaji. Tulikaa mpaka saa tatu usiku tukilinganisha mstari kwa mstari na taarifa ya miamala. Muamala mmoja ulikuwa umetoka mara mbili, sekunde nne kati yake, namba ya mteja ileile. Barua ya kukiri nikaichana.

Huko Uingereza walichelewa kuichana. Shirika la posta lilianza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon mwaka 1999, iliyotengenezwa na Fujitsu. Ikawa inaonyesha upungufu wa fedha kwenye matawi madogo. Wasimamizi wa matawi walipolalamika, wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu; wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Sheria ya huko ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vingine, na anayetakiwa kuthibitisha ni muuza stempu wa kijijini asiyeruhusiwa hata kuiona programu. Wasimamizi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walikwenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akasema Horizon ilikuwa na kasoro. Ilibidi Bunge litunge sheria Mei 2024 kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa kuangalia jinsi ulivyozalishwa, ulivyotunzwa na kama njia hizo zinaaminika. Kwa lugha ya benchi langu: hata rekodi ya kompyuta inaulizwa umri wake na kwao. Kwa hiyo ukituhumiwa kwa sababu "mfumo unaonyesha", usikiri wala usikane kwa mdomo. Omba kwa maandishi nakala ya rekodi yenyewe, jina la anayeitunza, na kama tatizo hilo limewahi kuripotiwa na mtu mwingine. Na weka daftari. Kaunta buku haihitaji sasisho.

Kuipeleka

Anza na kampuni yenyewe, hata kama huiamini, kwa sababu kila mamlaka utakayoiendea baadaye itakuuliza kama ulishawaambia. Dai namba ya lalamiko. Ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina alilojitambulisha nalo mpokeaji.

Wakikaa kimya, songa. Mambo ya laini, vifurushi, ujumbe na makato ya salio ni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ambao wana ofisi ya kanda hapa Dodoma. Mikopo na fedha ni Benki Kuu. Kuchukuliwa na kusambazwa kwa taarifa zako ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utapeli mtupu, mtu asiye na kampuni wala anwani, ni polisi, na namba yake itume 15040. Ukiwa hapo piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimeona watu wakitoka jasho.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii: serikali iko mlangoni. Peleka kwa mkono. Toa nakala mbili, moja wapokee masijala, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Miaka yangu yote ofisini nimeona bosi akikana simu, akikana barua pepe, akikana hata kikao alichokiongoza. Muhuri wa masijala yake mwenyewe sijaona anayeukana.

Usianzie Instagramu. Najua inavutia. Lakini ukiandika "wezi wakubwa hawa" na ukakosea jambo moja, wewe ndiye utakayejibu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kampuni itakuwa mlalamikaji. Kwenye barua pia neno "wezi" silichapi. Hesabu yenyewe inatosha kusema.

Na ukiambiwa kampuni iko Marekani huiwezi, waambie habari za jirani. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, kwa kuwa haina makao kule. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema wale waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi wanaweza kuishtaki hukohuko Kenya. Miezi miwili kabla, tume ya ushindani ya Nigeria iliitoza Meta faini ya dola milioni 220 katika shauri la WhatsApp na taarifa za watumiaji. Wewe unadai shilingi 13,950, lakini njia ni hiyohiyo.

Zangu zilirudi. Wiki ya tano zikaingia zote kwenye salio, pamoja na barua yenye nembo. Barua ilisema: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Uliojitokeza! Usumbufu ulijitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua za Januari. Maswali yangu (a) na (b) hawakuyagusa. Nikachukua kalamu nyekundu nikalipigia mstari neno lile, nikatoa kopi ya rangi, nikaambatisha kwenye barua ya pili: nani aliyeamua, na wateja wengine waliobonyeza OK usiku ule wamerudishiwa? Nakala ya TCRA. Zote mbili zina muhuri.

Rasimu ya barua hiyo ninayo dukani, ukitaka kuitumia kama kielelezo njoo na flashi yako. Isafishe virusi kwanza, tafadhali. Ya mwisho niliyopokea ilinilaza mashine siku mbili.